Nani Alituomba Tumuombee?

"Nani ana ombi?"

Mwenyekiti wetu huuliza hivyo kila Jumamosi alfajiri, neno likishasomwa na kabla bakuli la sadaka halijapita. Jumamosi hiyo jumuiya, yaani kaya za kanisa zinazosali pamoja mtaani, ilikuwa uani kwa mzee mmoja hapa Soweto, Moshi. Baridi ya mwezi wa saba, watoto wamejifunika khanga za mama zao, miguu ya viti vya plastiki inazama kwenye udongo. Mama mmoja akasimama. Ni mama ninayemheshimu, wa kwanza kufika penye ugonjwa na wa mwisho kuondoka penye msiba.

"Bwana Yesu asifiwe."

"Amina."

"Naomba tumkumbuke dada yetu wa geti la bluu. Mmeona haonekani. Nimekutana naye hospitali, kwenye kliniki ya afya ya akili, na binti yake ameniambia mama halali, hali, anameza vidonge. Tusimtenge, wapendwa. Ni ugonjwa kama ugonjwa mwingine."

Watu wakaguna kwa huruma. Tukaomba, na tuliomba vizuri. Kuna waliolia.

Kesho yake baada ya ibada nilikuwa kwenye mnada, macho yote kwa mkungu wa ndizi mshare ambao bei yake ilikuwa inapanda kwa sababu mhasibu wa mtaa naye aliutaka. Mwanamume ambaye si wa jumuiya yetu, wala si wa mtaa wetu, akaninong'oneza: "Eti jirani yako amerukwa na akili?"

Mkungu nikaukosa.

Kilichonikaa rohoni wiki zote tangu hapo si umbea. Umbea nimekulia nao. Sisi wa huku mlimani tunajua hata idadi ya mifuko ya saruji aliyoshusha jirani. Kilichonikaa rohoni ni kwamba yule mama alikuwa ametoka kwenye mafunzo ya kanisa ya afya ya akili. Ana cheti, kipo sebuleni kwake karibu na picha ya kipaimara ya mwanawe. Na alichokifanya pale uani ndicho tulichofundishwa.

Kabla sijaendelea: jirani yangu, yule aliyeombewa, amesoma makala hii kabla yenu. Alitaka nitoe aya mbili, nimezitoa. Geti lake si la bluu.

## Siku mbili ukumbini

Mafunzo yalifanyika kwenye ukumbi wa usharika. Kila jumuiya ilitakiwa kutoa watu wawili na, kama kawaida yetu, walikuja akina mama, wazee wa kanisa wachache, na vijana wawili wa kwaya waliotumwa kupanga viti wakaamua kubaki. Wakufunzi walikuwa muuguzi wa afya ya akili na mchungaji aliyesomea ushauri nasaha.

Sitaki kuyabeza mafunzo yale. Muuguzi alikuwa hodari. Hakuanza kwa kuandika maana ya afya ya akili ubaoni tukanakili. Aliuliza swali: mtu wa mwisho kuacha kuja jumuiya bila kuaga ni nani, na ninyi mlisema ameacha kwa nini? Watu wakatazamana, kisha majibu yakaanza kutoka. Amehamia kanisa la kiroho. Ana majivuno tangu mwanawe aende Ulaya. Anakwepa mchango wa ujenzi.

Hakuna aliyesema huenda anaumwa.

Akatupitisha kwenye maswali tisa yanayotumika kliniki kupima sonona, ugonjwa wa huzuni nzito isiyoondoka, yale yanayouliza juu ya wiki mbili zilizopita: usingizi, hamu ya kula, uchovu, kukosa raha na vitu ulivyovipenda, kujiona umeshindwa, hadi lile la tisa linalouliza kama umekuwa ukiwaza kuwa ni afadhali ungekufa. Akatuonya kwamba orodha ile si ya kwenda kupimia majirani. Tumeonyeshwa ili tujue kwamba mtu asiyeamka kitandani anaweza kuwa anaumwa na siyo mvivu. Akaongeza kwamba ukimuuliza mtu waziwazi kama anawaza kujiua, humwingizii wazo hilo kichwani. Hapo mjadala ukala muda wa chakula cha mchana, maana karibu wote tulilelewa tukiambiwa neno hilo halitamkwi ndani ya nyumba.

Kisha ikaja huduma ya kwanza ya kisaikolojia, ambayo mwongozo wake Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2011 pamoja na mashirika wenzake: tazama, sikiliza, unganisha. Hatua tatu tu. Tulitazama vizuri. Kwenye kusikiliza ndipo tulipokwama.

Tuliketi wawili wawili, magoti yanakaribia kugusana. Mmoja aeleze jambo linalomlemea, mwingine asikilize dakika tatu bila kushauri, bila kufariji, bila andiko. Mimi nilipangwa na mzee wa kanisa, meku mwenye heshima zake. Nikaanza kumweleza habari ya mkopo wa Vicoba. Sikumaliza sentensi ya pili.

"Mwanangu, Bwana ndiye mchungaji wako, hutapungukiwa na kitu."

Muuguzi akapita, akamgusa bega. Tukaanza upya. Safari hii mzee alinyamaza kweli, lakini midomo ilikuwa inacheza, anajizuia kwa sala. Dakika tatu zilipokwisha akajifuta uso kwa leso akasema, "Mama, hii kazi ni ngumu kuliko kuhubiri."

Tangu siku hiyo mzee yule ndiye mtu ninayempelekea mambo yangu. Sifanyi mzaha.

Saa ya mwisho tukagawiwa vyeti na fulana. Mgongoni fulana zimeandikwa kwa herufi kubwa: TUVUNJE UKIMYA.

## Ukimya wa nani?

Nilimfuata yule mama sokoni Mbuyuni, anakouza dagaa. Alijua nimekuja kwa nini. Aliendelea kupima visado vyake huku ananijibu.

"Kwani nilimsema vibaya? Nilisema ni ugonjwa kama ugonjwa mwingine. Si ndivyo tulivyofundishwa? Tena mficha maradhi, kilio humuumbua."

Nikakosa jibu la haraka, na nadhani ningedanganya nikisema nililo nalo sasa ni kamili. Hoja yake ina uzito. Angesimama akasema dada yetu ana malaria, au amevunjika mguu, angetaja jina na wodi na namba ya kitanda, na hakuna ambaye angenuna. Kama kweli tunaamini sonona ni ugonjwa kama mwingine, kwa nini tuiwekee sheria yake?

Nimezunguka na swali hilo jikoni, kwenye hiace, hata kanisani wakati wa matangazo. Nilipofika ni hapa: ugonjwa unafanana na mingine, ila gharama ya kujulikana kwamba unaumwa haifanani hata kidogo. Malaria haikuondoi kwenye uweka hazina wa kikundi. Hakuna ukoo utakaotuma shangazi kuchunguza, kabla ya posa, kama nyumba ile iliwahi kuwa na mtu mwenye mguu uliovunjika. Lakini "wana kichaa kwao" ni maneno ambayo huku kwetu yamevunja uchumba mwingi, na kila aliyekuwa pale uani anayajua.

Jirani yangu alikuwa mweka hazina. Wenzake walimwendea kwa upole, wamebeba sukari na mchele, wakamwambia, "Mama, pumzika kwanza, daftari tutalishika sisi." Upole ule ndio uliomwuma zaidi.

Kuna na sheria. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 217, inahesabu kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai. Ndiyo maana familia zikifika mapokezi husema mgonjwa "amekula kitu kibaya". Sasa mfikirie mtu aliyenusurika, halafu jumuiya nzima inamwombea kwa jina na tukio, mbele ya balozi wa nyumba kumi. Na wengi wetu tumewahi kuhudhuria mazishi ambayo mchungaji hakuja, tukaelewa sababu bila kuambiwa. Anayenyamaza katika mazingira hayo hana ujinga. Amepiga hesabu.

Kwa hiyo fulana ile inanitatiza. Ukimya wa kanisa uvunjwe, tena kuanzia madhabahuni: mchungaji aseme kwamba sonona ipo, kwamba si upungufu wa imani, kwamba kliniki zipo. Ukimya wa mgonjwa ni mali ya mgonjwa. Na methali ya mficha maradhi, nikiisoma vizuri, inamwonya mwenye maradhi. Haimwajiri jirani kumfichulia.

## Benchi la nje

Nikuelezeni kilichofuata, kwa sababu hapa ndipo nilipoacha kuona jambo hili kama suala la adabu tu.

Kliniki anayohudhuria jirani yangu ina benchi refu la kusubiria, na benchi liko nje, kando ya njia ya kwenda maabara. Kila anayepita anakuona na kadi yako mkononi. Alikuwa ameizoea hali hiyo kwa sababu hakuna aliyekuwa na haja ya kumtazama. Baada ya Jumamosi ile, kila aliyepita alikuwa anamjua, au yeye alihisi hivyo, na kwa mtu aliye katika hali ile tofauti ni ndogo. Tarehe yake ikapita. Akasema ataenda wiki ijayo. Vidonge vikaisha.

Yaani maombi yetu yalimwondoa kwenye dawa, na hakuna hata mmoja wetu aliyemwambia aache.

Mafunzo yalitilia mkazo sana kwamba tusimzuie mtu kutumia dawa, na palikuwa na sababu. Ukanda wetu una kumbukumbu. Mwaka 2011 magari yalipanga foleni ya kilomita nyingi kwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa cha shilingi 500 kwa mchungaji mstaafu wa Kilutheri, na wapo waliorudi wakaacha dawa zao za kila siku. Februari 2020 watu 20 walikufa hapa hapa Moshi wakikanyagana, kila mmoja akiwahi kukanyaga mafuta ya upako. Mimi siwaiti wajinga waliokwenda. Mtu haendi kupanga foleni usiku kucha kama hana mzigo.

Lakini kumzuia mtu dawa kwa mdomo ni njia moja tu ya kumkosesha dawa. Nyingine ni kutokujua dawa inavyofanya kazi. Muuguzi alisema jambo ambalo ningependa lisomwe kwenye matangazo ya Jumapili: vidonge vya sonona, amitriptilini kwa mfano, au fluoksetini, kwa kawaida huchukua wiki mbili hadi nne, wakati mwingine zaidi, kabla mtu hajaanza kuona nafuu. Kero zake, mdomo kukauka, usingizi au kichefuchefu, huja siku za mwanzo kabisa. Kwa hiyo kuna kipindi mgonjwa anaonekana amezidiwa kuliko alivyokuwa kabla ya kutibiwa.

Kipindi hicho ndicho jumuiya inapobisha hodi.

Tunamkuta anasinzia sebuleni. Tunatoka tunaambiana nje ya geti, "zile dawa zinamfanya zezeta". Mmoja anapendekeza afunge siku tatu. Afunge, mtu ambaye hajala tangu juzi! Na kwa wenye kifafa, ambao nchini kwetu wengi hutibiwa kwenye kliniki hizi hizi za afya ya akili, kukatiza dawa ghafla kunaweza kuleta degedege lisilokoma. Hiyo ni hatari ya kufa, na inaanza na neno la huruma getini.

Waghana walitoa mfano ambao sijaacha kuutafakari tangu niusome. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulipeleka dawa za magonjwa ya akili ndani ya kambi ya maombi, maombi yakiendelea kama kawaida. Dalili zilipungua. Siku ambazo wagonjwa walikaa wamefungwa minyororo hazikupungua. Dawa ilipata ruhusa ya kuingia kambini, ikafanya kazi yake, na mikono ya watu ikabaki na desturi yake ile ile.

Sisi hatuna minyororo. Tuna "nani ana ombi".

## Bibi wa Harare

Kila mafunzo ya namna hii husimuliwa habari za Zimbabwe, na yetu yalisimuliwa. Daktari Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 na bibi 14 katika kitongoji cha Mbare, Harare, waliofundishwa kukaa kwenye benchi na kumsaidia mtu kuchambua matatizo yake moja moja hadi apate hatua ya kuchukua. Matokeo yalichapishwa mwaka 2016, katika utafiti wa watu wazima 573: baada ya miezi sita, waliobaki na dalili za sonona kwa waliopitia kwa bibi walikuwa kama asilimia 14, na kwa waliopata huduma ya kawaida karibu asilimia 50. Nchi yenye wataalamu wachache isipojifunza hapo itajifunza wapi? Sensa ya 2022 ilitukuta watu milioni 61.7. Hatuwezi kungoja kila wilaya ipate daktari wa magonjwa ya akili.

Ukumbini tulipiga makofi. Tukaambiwa, "Ninyi ndio bibi hao."

Hatukuwa. Au tuseme bado. Benchi la Harare liko kwenye uwanja wa zahanati. Bibi ana msimamizi, ana mwongozo, na mtu huja kwake mwenyewe kwa miguu yake. Wanaketi wawili. Jumuiya yetu ina kaya kumi na mbili, inakutana uani, na mtu huzungumziwa asipokuwepo. Kilichoazimwa kutoka Harare ni sifa ya watu wa kawaida kuweza kusaidia, na sifa hiyo ni ya kweli. Ila mpangilio uliowawezesha kusaidia haukusafiri nao.

## "Basi tusiombe?"

Niliomba nafasi kwenye kikao cha wazee nikaeleza haya. Muuguzi alikubali kuja. Mwinjilisti wetu, mtu mpole sana, alikasirika kwa namna ambayo sijawahi kumwona.

"Yaani tusiombe? Jumuiya isiombee wagonjwa, ibaki kuwa nini? Kikundi cha kukopeshana?"

Mzee mmoja akatoa pendekezo la kati: tuombe bila kutaja jina. Wote tukaona limetosha, hata mimi. Jumamosi iliyofuata likajaribiwa. Mama mmoja akasema, "Tuombee mtu mmoja hapa kwetu mwenye shida ya usingizi." Na kaya kumi na mbili, bila kupanga, zikageuza shingo upande mmoja.

Kwa kweli ilikuwa mbaya zaidi. Jina likitajwa, angalau maneno yanaisha. Lisipotajwa, watu wanabaki kukisia, na wanaokisiwa wanakuwa watatu badala ya mmoja.

Tuliporudi kikaoni muuguzi alisikiliza yote, akamgeukia mwinjilisti. "Baba, ukitaka kumwombea mtu hadharani, umewahi kumuuliza yeye?"

Mwinjilisti akafikiri. "Kwa ugonjwa? Hapana. Naona kama ningekuwa namnyima."

"Muulize. Mwambie: ungependa tukuombee jumuiya, au niombe mimi nawe hapa, au niombe kwangu? Akisema jumuiya, muulize tuseme nini na tuache nini."

Ni maswali mawili. Nilikuwa nimetegemea kitu kikubwa zaidi, waraka labda. Mwinjilisti aliyaandika nyuma ya kalenda ya dayosisi, na nimemsikia akiyatumia kwa mgonjwa wa kisukari pia, na kwa kijana aliyefeli kidato cha nne. Amegundua kwamba watu wengi huchagua la pili, kuombewa naye hapo hapo. Wachache huchagua jumuiya, na wakichagua huja wenyewe, wanasimama, wanasema kwa vinywa vyao. Tumepata mmoja. Sitaeleza alisema nini.

Wapo wasioridhika. Mwenyekiti bado anaona tunaleta mambo ya kizungu ya kila mtu na lwake, na sidhani kwamba amekosea kabisa. Nyumba iliyofungwa sana nayo huua. Swali lake, "Na asiyeweza kuomba msaada kabisa, tumngoje aturuhusu?", halijibiwi na maswali mawili nyuma ya kalenda. Muuguzi alisema hatari ya kifo ikiwa mlangoni, siri inakwisha: unaita familia, unakwenda naye hospitali, humwachi peke yake, unaondoa dawa za shambani mahali anapozifikia. Hapo unawaambia watu wanaohitajika. Kaya kumi na mbili hazihitajiki.

## Maturubai

Kinachoniudhi ni kwamba ustadi wote unaotakiwa tayari tunao. Mtu akifa saa nane usiku, saa kumi na mbili maturubai yamefungwa, daftari la rambirambi lina mistari, kuna anayejua nani alete kuni, nani apike uji wa wageni, nani apokee watu kutoka Dar. Hakuna anayekaa na wafiwa kuwahubiria kutwa. Tunakuja, tunakaa, tunaosha vyombo. Na tunarudi kesho, na keshokutwa, mpaka matanga yaondoke.

Kwa aliyelala kitandani miezi miwili, hatuna zamu. Tuna ziara moja, wimbo, soda, na "Mungu atakusimamia".

Tulipojaribu kupanga zamu kwa jirani yangu, kwa ruhusa yake, alichagua watu watatu. Mmoja ni mzee wangu wa dakika tatu, ambaye huenda Jumatano kupalilia kibustani chake cha sukuma wiki na hasemi kitu. Mwingine humfuatia vidonge na tarehe ya kliniki. Wa tatu alinishangaza: alimtaka yule mama muuza dagaa. "Alinisema, lakini ndiye aliyegundua sionekani," aliniambia. "Ninyi wengine mlikuwa wapi?"

Nauli ya kwenda kliniki inatoka mfuko wa diakonia, ule wa kanisa wa kusaidia wahitaji, na kwenye daftari inaandikwa "usafiri". Mhasibu hana haja ya kuuliza zaidi. Ilimchukua muda kukubali hilo. Wahasibu ni watu wa maelezo.

## Na akina baba?

Hadi hapa sijamtaja mwanamume mgonjwa hata mmoja, na hilo ndilo linalonisumbua sasa.

Duniani watu zaidi ya 700,000 hufa kwa kujiua kila mwaka, na kiwango kwa wanaume ni zaidi ya mara mbili ya wanawake. Jumuiya zetu zimejaa wanawake. Baba yumo kwenye orodha, anatoa mchango kupitia kwa mkewe, na Jumamosi alfajiri hayupo. Tumefundisha watu ambao hawatakutana naye.

Wanaume wa huku wana mzigo wao, na mwezi wa kumi na mbili ndio unaonekana. Basi zinapanda kutoka Dar zimejaa, mbuzi wanachinjwa, na katika kila ukoo kuna mmoja ambaye hakuja. Alipiga simu akasema kazi zimembana. Kila mtu anajua kwamba nyumba yake kihambani imeishia kwenye linta, miaka inakwenda, na ndugu zake wamepaua. Tunamtania akiwa hayupo. Ni mara chache mtu amesema tumpigie tena.

Mzee wa kanisa anasema tuwafundishe kupitia kamati ya ujenzi, kwa sababu hapo wanakuja. Mimi naona kamati ya ujenzi ni mahali pa mwisho ambapo mwanamume aliyeshindwa kujenga atafungua mdomo. Nimependekeza msibani, usiku, kwenye moto. Wanaume wanakaa pale hadi alfajiri, kuna nyama, kuna mbege kwa wanaokunywa, hakuna anayemtazama mwenzake usoni kwa sababu wote wanatazama moto, na nimesikia kwa mbali, nikipita na sufuria, mambo ambayo wasingeyasema mchana. Mzee aliona nimekosa heshima. Baadaye akakiri kwamba ndipo alipowahi kuambiwa na mtu kwamba amechoka kuishi, na kwamba alimjibu kwa andiko.

Tumekubaliana kujaribu njia ndogo: wachimba kaburi na wachinjaji, wale kumi au zaidi ambao kila msiba huwa ni hao hao, wapate nusu siku na muuguzi. Watafundishwa mambo matatu tu, kusikiliza dakika tatu, kuuliza lile swali la tisa bila kuzunguka, na kumsindikiza mtu kliniki bila kumtangaza. Wawili wameshakataa kwa sababu wamesikia kuna fulana.

Fulana zimefutwa. Kinachotafutwa sasa ni nauli ya muuguzi na chakula cha mchana. Walio hapa Moshi na wanataka kuchangia, mwoneni mhasibu wa mtaa, msinitumie mimi. Na msishangae mkiona kwenye daftari imeandikwa "usafiri".